Uwanjani Hakuna Mshale

Mimi ni mtu wa kelele. Miaka yote niliyowafundisha mpira wasichana wa mtaa wa Nyalukemba, hapa Bukavu, nimekuwa nikikimbia kando ya mstari, nikipayuka mpaka sauti inakauka: toa, rudisha, angalia kushoto! Mke wangu alikuja kututazama mara moja. Alirudi nyumbani akicheka, akasema ameona wachezaji kumi na mmoja na akili moja. Nilidhani ananisifu.

Kwa hiyo niliposikia kuhusu mazoezi ya video, niliyapokea kwa mikono miwili. Jirani alikuwa akizirekodi mechi zetu kwa simu, amesimama kwenye mteremko ulio juu ya uwanja. Mimi nilizikata video hizo vipande vipande nyumbani kwa kompyuta, na kila Jumatano mchana, umeme ukiwepo, tulikutana katika ukumbi wa parokia, tukafunga mapazia. Nilisimamisha picha pale mchezaji anapopokea mpira, kisha nikauliza: ungekuwa wewe, ungefanya nini? Sekunde tatu, mkono juu, jibu.

Wiki za kwanza walibahatisha. Kisha parokia ikatuazima projekta, picha ikawa kubwa ukutani, na wasichana wangu wakaanza kupatia karibu kila swali. Aliyewashinda wote ni kiungo wetu. Huyo alijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Nilimwekea matumaini yangu yote, kwa sababu muda wake ulikuwa mfupi. Mama yake, mfanyakazi wa ofisini, mtu wa maneno machache, alikuwa amenifuata mwanzoni mwa msimu. "Ni mwaka huu tu, Kocha," aliniambia. "Kama équipe ya province haimuchukue, mupira inaisha. Ataenda kusoma ku université kama wenzake." Wachaguzi wa timu ya jimbo wangekuja kututazama mara moja tu.

Wiki chache kabla ya siku hiyo tulicheza mechi ya ligi. Kiungo alipata mpira katikati ya uwanja, peke yake, na nafasi tele. Akasimama. Aliinua kichwa akatazama mbele, macho yakitafuta kitu hewani, mpaka mpinzani akaja akamnyang'anya mpira kwa urahisi. Tukafungwa bao, tukapoteza mechi.

Nilimfokea mbele ya wenzake. "Jumatano unajibu kama moto, leo umekuwa nguzo ya umeme!"

Aliinamisha kichwa. "Kocha," akasema polepole, "ku terrain mushale haiko."

Mshale gani? Wakatazamana. Kipa, ambaye ni mkubwa wao, ndiye aliyenieleza. Nilipokuwa nikiandaa vipande usiku wa kuamkia Jumatano, niliusogeza ule mshale mdogo mweupe wa kompyuta hadi kwa mchezaji niliyeona anafaa kupewa mpira. Mshale ukarekodiwa ndani ya kipande, na kesho yake niliposimamisha picha ulikuwa pale pale, na kwa projekta ulikuwa mkubwa kama mkono wa mtu.

"Juu ya nini hamukuniambia?" nikataka kujua sababu.

"Nani angekuambia, Kocha?" akajibu kipa. "Tuliwaza ni wewe njo unatusaidiaka kwa makusudi."

Ndivyo tulivyo Bukavu. Mwalimu hakosolewi. Akiingia darasani na zipu wazi, watu wazima watageuka watazame ziwa lililo ukingoni mwa mji. Nilikaa juu ya kreti ya soda, nikaona haya kweli kweli. Nyani haoni kundule, na mimi miezi yote hiyo nilikuwa nikijipongeza kwa kufundisha watu kusoma mshale. Tena si ule wa ukutani peke yake. Mshale mwingine ulikuwa ukikimbia kando ya mstari, ukipiga kelele.

Jumatano iliyofuata niliuficha mshale, nikakaa viti vya nyuma, nikaapa kutotoa jibu. Hakuna mkono ulioinuka. Jumatano ya pili nayo ilipita hivyo, na nililala vibaya, nikimfikiria yule mama na neno lake.

Halafu siku moja kiungo akajibu. Picha ilimwonyesha winga akiwa na mpira karibu na kona. Yeye akasema angeingia mwenyewe ndani. Nikasahau kiapo changu: "Hapana. Rudisha nyuma."

"Hapana juu ya nini?"

Hakuna mchezaji aliyewahi kuniuliza hivyo. Aliinuka, akaenda ukutani, akaweka kidole kwenye mguu wa beki. "Angalia, huyu ameshaegemea huku inje. Kabla ageuke, niko nimepita."

Kile kipande nilikikata mwenyewe, nimekitazama mara nyingi, na ule mguu sikuwahi kuuona. Nikamwambia akae, tuendelee.

Siku ya wachaguzi, mama wa kiungo alikaa pembeni, mkoba mapajani. Dakika za mwisho za mechi tulikuwa sare. Kiungo akapokea mpira mbele ya boksi, na kushoto winga wetu alikuwa huru kabisa, mkono juu. Kiapo kilinitoka kichwani. "Toa! Toa kushoto!" Nadhani hata watu wa kule Miti, mbali nje ya mji, walinisikia.

Hakugeuka. Alimtazama beki wa mwisho, akamsubiri aegemee, akapita upande wa pili, akapiga. Mpira uligonga mwamba ukatoka nje. Nikajifunika uso kwa mikono miwili. Nilijua tumempoteza, na nilimkasirikia, na papo hapo nilijua kwamba mimi nisingethubutu kufanya alichofanya.

Baadaye mchaguzi alisimama na karatasi, akasoma majina ya waliochukuliwa. La kwake lilikuwa la nne. Mama alisimama, akapangusa sketi yake, akasema, "Bon, muzuri," kisha akatazama upande mwingine ili tusimwone anavyolia.

Binti yake alinijia akiwa na viatu mkononi.

"Kocha, ulikuwa unasema nini pale? Sikuskia."

Alikuwa amesikia vizuri sana. Niliumia kidogo, kama mtu asiyehitajika tena, na furaha yangu ilikuwa kubwa kuliko maumivu hayo.

"Nilikuwa nakohoa tu," nikamjibu.