Mkono Nilioushika Kampala

Mama hakunikatalia kusomea udaktari. Alisema tu kwamba hajakubali, na kwa mamangu hayo yalikuwa mambo mawili mbalimbali. "Nenda na wenzio huko Uganda ukaone," aliniambia. "Ukirudi uniambie ulichokiona, bila ya kutia chumvi. Ndipo nitakapotoa neno."

Mimi hata leo sina subira, seuze nilipokuwa na miaka kumi na saba. Nilitaka neno lile pale pale. Lakini nilijua kwa nini analizuia, na jirani zetu wote wa Likoni walijua.

Babangu alifariki nikiwa na miaka kumi na mmoja. Alipolazwa kwenye kitanda cha kuoshea, mjomba aliniita nikamimine maji, maana ndimi mwanawe wa pekee wa kiume na ile ilikuwa haki yangu. Niliingia, nikapewa kata. Nikamwona baba amefungwa kitambaa cheupe kidevuni, kata ikanidondoka. Nilitoka mbio nikakata mashamba ya mihogo mpaka Mtongwe, nisirudi hadi watu walipokwisha kuzika. Toka siku hiyo watani wangu walipata kazi rahisi. Wakisikia nataka udaktari husema, "Daktari wa mbio huyo, mgonjwa akikata roho usimtafute tena." Nami nilikuwa mwepesi wa mkono, nikapigana sana kwa maneno hayo. Mama peke yake ndiye hakunisema hata siku moja. Nilipomwambia nataka kwenda chuo kikuu kusomea tiba, ndipo alipouliza taratibu, bila ya kuniangalia, "Na maiti huko, utawaweza?"

Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha, na bado ungewaona watu wakilima wamevaa makoti ya jeshi. Afrika Mashariki nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja, nacho kiko Kampala. Mwalimu wetu aliona si haki tumalize shule hali hatujui hata kilivyo. Akahangaika mwaka mzima kwa barua mpaka tukaalikwa, wanafunzi tisa na yeye wa kumi. Nyumba yake ilikuwa Changamwe, karibu na stesheni, na ndiko tulikokutana. Kila mtu alikuja na sanduku na kikapu. Changu mama alikijaza mikate ya mabumunda na papa mkavu. Papa yule alituponza. Hata Mazeras hatujafika, abiria mmoja wa bara akatuuliza kwa adabu kama kuna kitu kimekufa ndani ya behewa. Tulicheka mpaka mwalimu akatuonya.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa kijana wa Kisauni, mtoto wa watu wa misheni, mrefu, mdomo haumfungiki. Tulikaa dirishani tukigombania nafasi. Nilikuwa sijapata kuvuka Voi. Kila kitu nilikiona kwa pupa: nyika ya Taru na vumbi lake jekundu, twiga waliosimama wakitukodolea macho, kisha baridi. Baridi ile sikuambiwa. Tulipopanda milima baada ya Nakuru meno yaligongana, tukavaa nguo zetu zote kwa mpigo, kanzu juu ya kaptula na shuka juu ya kanzu. Mwalimu alikuwa na sweta, akajifanya haoni. Rafiki yangu akaniambia nisife njiani, maana hakuna mtu wa kuniosha, wote watakimbia kama mimi. Nilimtia kiwiko cha mbavu, na bado nikacheka.

Mpaka wa Uganda tuliuvuka bila ya kuuona. Hilo liliniudhi. Maishani mwangu naingia nchi ya watu kwa mara ya kwanza, nami nilitarajia japo kamba. Mwalimu alisema tu, "Sasa mko ugenini," tukatazama nje na nyasi ni zile zile.

Lakini Jinja ilinifuta hasira yote. Gari lilikawia stesheni, mwalimu akamwomba mkuu wa stesheni, tukapelekwa kuona maporomoko pale ziwa linapomwagika na mto Naili unapoanza. Kelele ya maji ilikuwa kubwa mno, ikabidi tuambizane mambo masikioni. Mwalimu alituambia maji haya yatakwenda mpaka Misri. Nilimwangalia rafiki yangu naye akaniangalia. Mimi nilisoma Kurani chuoni kwa maalimu, yeye kwa mapadri, na hadithi ya Musa aliyetiwa mtoni ndani ya kikapu tulikuwa nayo sote wawili. Tukateremka mpaka ukingoni tukachota maji kwa viganja, tukanywa. Mwalimu alitukaripia kwa ajili ya homa ya tumbo. Wallahi, ningekunywa tena.

Kampala tuliingia asubuhi na aibu ikatupokea. Mwalimu alikuwa ametuamuru tuvae kaptula, ati chuo kikuu hakiingiwi na kanzu, tutaonekana washamba. Tukashuka garini na magoti nje, na stesheni nzima wanaume wamevaa kanzu nyeupe pe, na koti juu. Wazee, vijana, makarani, wote. Sisi watu wa pwani ndio tuliosimama kama watoto waliotoka kuoga. Mwalimu alikohoa, akasema mizigo ifunguliwe. Tukabadili nguo nyuma ya ghala la stesheni.

Kisha kile Kiswahili chetu. Tulikuwa tumejigamba njia nzima kwamba sasa watasikia Kiswahili chenyewe, si kile cha kubabaisha. Nikamsogelea mama mmoja auzaye ndizi, nikamtolea salamu kamili, na hujambo yake, na habari za watoto wake. Akanitazama kwa huruma, akatafuta maneno, mwisho akaniuliza kama nimetoka jeshini. Huko Kiswahili walikijua kwa askari. Rafiki yangu alinitembeza na neno hilo siku tatu, kila tukipita mahali ananipigia saluti.

Tuliona makaburi ya wafalme wao, ndani ya nyumba moja kubwa ya nyasi tuliyoingia miguu mitupu, na ndani ni kimya na vivuli. Tulikula ndizi zilizopondwa, tukalalama zimekosa nazi, tukazimaliza. Na chuo chenyewe kilikuwa juu ya kilima, hewa safi, maua, vijana wamebeba vitabu chini ya kwapa hawana haraka. Kila mwanafunzi ana kitanda chake, meza yake na taa yake. Katika maktaba nilisimama mbele ya kabati nikahesabu vitabu vya mwili wa binadamu mpaka mhudumu akaniuliza natafuta nini. Nikamjibu natafuta pa kuanzia. Nilikitaka chuo kile mpaka kifua kikaniuma, sisemi kwa mapambo.

Siku ya tatu tulipelekwa kwa watu wa tiba. Mwalimu wao, Mzungu mwembamba mwenye sauti ndogo, alituonyesha darubini na tone la maji ya dimbwi lililojaa viumbe. Kisha akauliza nani kati yetu anataka kuwa daktari. Nikanyosha mkono, peke yangu. Akasema basi nije chumba cha pili nione kazi inavyoanza, na kama sitaki si lazima. Nilijua chumba cha pili kina nini. Wenzangu nao walijua, wakaanza kubinyana.

"Na mimi nataka kuona," akasema rafiki yangu. Yeye alitaka kuwa bwana shamba, hakuwa na haja ya maiti. Alikwenda akasimama mlangoni, akaegemea mwimo, akaninong'oneza, "Nimekuzibia njia. Na Likoni nitasema nilichokiona."

Harufu ya dawa ilinichoma macho. Palikuwa na meza ndefu na juu yake mtu amefunikwa shuka, mkono mmoja tu uko nje. Wanafunzi wawili wa chuo walikuwa wakiufanyia kazi. Ngozi ilikuwa imetolewa kuanzia kiwiko mpaka kwenye kifundo, na ndani ni nyuzi nyuzi, nyeupe na za rangi ya udongo. Sitaficha, mguu wangu wa kulia ulikwisha kugeuka kuelekea mlangoni, na nikamwona rafiki yangu ameinua nyusi akingoja. Nikafikiri, basi, nimeshindwa, nitakwenda kumwambia mama kweli.

Mwanafunzi mmoja akashika kano moja karibu na kiwiko kwa koleo ndogo. "Tazama huku," akaniambia, akanionyesha vidole. Akaivuta. Kidole cha shahada kikajikunja.

Kikajikunja chenyewe, polepole, kisha akaachia, kikanyooka. Nikasahau mlango. Nikasema, "Tena." Akavuta tena. Nikasogea mpaka tumbo likagusa meza. Akavuta nyingine, kidole cha kati kikaitika. Kumbe kidole hakina nguvu yake. Nguvu iko huku juu karibu na kiwiko, na kidole huvutwa kwa kano. Miaka yote nimeshika jembe, nimeandika, nimepigana, sikujua. Nikaupandisha mkono wa kanzu yangu, nikakunja kidole changu, nikaziona zikipita chini ya ngozi, zile zile. Nikacheka kwa sauti, na yule Mzungu naye akatabasamu, akaniambia nishike mwenyewe.

Nikaushika ule mkono kwa kiganja changu, wa baridi, mgumu kidogo, nikavuta kano moja moja. Niliuliza maswali mpaka wale wanafunzi wakaanza kuniuliza mimi ninavyofikiri. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo, na hata leo, mtu mzima, ningekwambia vivyo hivyo. Saa nzima ilipita. Rafiki yangu ndiye aliyenivuta kwa kanzu akisema wenzetu wameshakula.

Njia nzima ya kurudi sikumwacha mtu na mkono wake. Mwalimu, wenzangu, hata mama mmoja wa Nakuru aliyetuuzia viazi, wote niliwakamata na kuwaambia wakunje vidole. Rafiki yangu alikuwa amechoka nami lakini utani ule wa mbio hakuutia mdomoni tena. Tuliposhuka Changamwe, badala ya kwenda zake Kisauni akasema atavuka nami Likoni. Alisema ana ushahidi wa kutoa.

Mama alikuwa barazani akisuka ukili wa mkeka. Tukamwamkia, nikambusu mkono. Alitutazama mmoja mmoja, akauliza, "Je, alikimbia?"

"La, mama," akasema rafiki yangu. "Tulimtoa kwa nguvu."

Mama akaniangalia mimi. Nikaketi mbele yake nikaanza kusema, na maneno yalitoka yote pamoja: shuka, koleo, kano, kidole. Hakuelewa. Nikamwomba mkono wake. Akauweka ukili pembeni, akanipa. Nikamwambia akunje kidole cha shahada, akakikunja, nikamwekea kidole changu karibu na kiwiko chake penye chanzo. "Wasikia hapo?" Akakunja tena, akanyosha. Akajaribu cha kati, kisha cha mwisho. Nilimwona imempendeza, macho yake yamekaza juu ya ngozi yake mwenyewe mfano wa mtu aliyeokota kitu. "Subhanallah," akasema. "Na mimi miaka yote nasuka."

Nikajua nimeshinda. Nikaendelea kumweleza nilivyoushika ule mkono, nilivyovuta, nilivyocheka. Nikasema saa nzima, na sikuogopa hata kidogo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake bado ulikuwa ndani ya wangu.

"Na marehemu huyo," akauliza, "ni mwana wa nani?"

Nikamwangalia rafiki yangu, naye akatazama chini. Nilijua urefu wa kano ile, nilijua imeanzia wapi na imeishia wapi. Sura ya mtu yule sikuiona, wala sikuomba kuiona. Sikujua kama ni mtu wa Uganda au mgeni kama sisi, kama ana mama, kama aliombewa. Hata Fatiha sikumsomea.

"Sikuuliza," nikasema.

"Umemshika mkono saa nzima."

"Ndio, mama."

Nilitaka kumwambia kwamba huko hawaulizi, kwamba ni kazi, kwamba hata wale wanafunzi hawakumtaja. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililofaa kusemwa mbele yake. Uso ulinichoma kuliko ile dawa. Mama akauondoa mkono wake pole pole, akauteremshia leso, akachukua ukili wake akatafuta pale alipoachia.

"Ukienda," akasema, "anza kwa kumuuliza jina."

Niliinama. Nilikuwa na haya nyingi hata sikusikia kwamba neno nililolingoja limeshatoka. Rafiki yangu ndiye aliyenifinya.