Nyasi za Nyumba ya Mama Mkwe

Mume wangu alikuwa hakimu wa baraza pale Goweko wakati wa Mwingereza, miaka ile ya baada ya vita kuu ya pili. Wanawake wenzangu walinionea wivu. Walidhani kwa hakimu watu wanakula nyama kila siku. Kumbe kazi yangu kubwa, ukiacha jembe na watoto, ilikuwa kukataa vitu. Mtu anakuja asubuhi na jogoo kwapani, anasema ni salamu tu. Mwingine analeta asali, anadai amepita njia. Nikikataa wananiona nina maringo, na wakiondoka wanaondoka wamenuna. Jioni mume wangu ananiuliza, "Leo kaja nani?" Nikimweleza anatikisa kichwa kana kwamba mimi ndiye niliyewaita.

Mwanzoni nilijivunia. Sote wawili tulilelewa kwa Wamoraviani na tuliyachukulia mafundisho yale kwa uzito. Baadaye nilibaki nimechoka tu. Nilifika mahali nikisikia hodi moyo unashuka.

Mwaka mmoja, mvua zikiwa karibu, mjane mmoja alifungua shauri. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wamelima jaruba la mpunga mbugani, kwenye bonde la maji, wakalizungushia matuta kwa mikono yao. Mume alipofariki, shemeji yake, mdogo wa marehemu, akasema jaruba ni la ukoo na mwanamke arudi kwao. Shemeji huyo alikuwa mtu mwenye ng'ombe wengi na duka karibu na stesheni. Kwetu hakuleta jogoo wala asali. Nilidhani safari hii tumepona.

Kabla shauri halijasikilizwa, mume wangu aliitwa mkutanoni Tabora mjini, nami nikafuatana naye kumpeleka mtoto hospitali. Tuliporudi, tulipofika uani tu, tukaiona nyumba ya mama mkwe. Ilikuwa imeezekwa upya. Nyasi zilikuwa nene, zimepangwa vizuri, na kingo zimekatwa sawasawa. Mama mwenyewe amekaa mlangoni, uso unang'aa.

"Shikamoo, mama," tulisema.

"Marahaba, wanangu. Mmeona?"

"Nani kaezeka?" mume wangu akauliza.

"Vijana wa yule bwana wa duka. Kaona nyumba inavuja, akanionea huruma. Mwanangu mwenyewe kutwa yuko barazani."

Mume wangu akaweka mzigo chini. "Mama, huyo bwana ana kesi kwangu."

"Kesi ni yako, nyumba ni yangu. Mimi sijaombwa neno."

"Utaombwa."

"Hata nikiombwa. Babu yako alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, na kila nchi waliyopita msafara ulitoa hongo kwa mtemi ndipo wapite. Hakuna aliyesema ni dhambi. Ninyi mmesoma, basi nyasi tu zinawatia kiwewe."

"Ile ilitolewa mchana, mama, kila mtu anaona."

"Kwani hizi zimeezekwa usiku?"

 Nami, Mungu anisamehe, nilitaka kucheka. Mume wangu alitoka hapo hapo kwenda dukani kulipia nyasi na kazi. Alirudi mikono mitupu, uso umemkunjamana. Yule bwana alikuwa amemkaribisha kiti, akamwambia kwa upole kabisa kwamba hakuuza kitu, hivyo hawezi kupokea malipo.

Asubuhi aliazima ngazi kwa jirani. Nilijua anachotaka kufanya kabla hajasema, nikamfuata mpaka chini ya ukuta.

"Mvua iko karibu," nikamwambia. "Mama atalala wapi?"

"Kwetu, na watoto."

"Na zile nyasi zake za zamani walishazichoma."

"Najua."

Akapanda. Akaanza kukata kamba na kuziangusha nyasi, tita baada ya tita. Majirani wakasimama uani, wengine wameshika vinywa. Mama mkwe alitoa kigoda chake, vyungu na mkeka, akakaa juani ametupa mgongo. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Mimi niliokota nyasi, nikawa nazipanga pembeni kwa sababu sikujua nifanye nini kingine, mikono ikiniwasha mpaka viwikoni. Nilipopita karibu naye akaniambia polepole, "Hata wewe, mkamwana?"

Niliinama nikaokota tita jingine. Bado sijui ningemjibu nini.

Nyasi zile mume wangu alizipakia kwenye mkokoteni akazimwaga mbele ya duka. Mvua ilinyesha siku chache tu baadaye. Ikaingia ndani ya nyumba isiyo na paa, kuta za udongo zikaanza kumeguka. Mama alikuwa chumbani kwetu, analala na wajukuu. Chakula alikula, lakini hakumsemesha mwanawe. Akimtaka jambo alipitia kwangu. "Mwambie mumeo kuni zimeloa." Naye mume wangu yuko hapo hapo, anasikia.

Siku ya shauri nilikwenda barazani, nikakaa nyuma na wanawake. Kabla ya kuanza, mume wangu alieleza mambo yote mbele ya watu: nyasi, nani kaziezeka, yeye kafanya nini. Akasema anayeona kwamba hakimu huyu hawezi kuamua kwa haki aseme sasa, shauri lipelekwe kwa mtemi.

Mwenye duka akasimama. "Mimi nimemsaidia mama mzee. Siku hizi kumsaidia mzee ni kosa?"

Watu wakacheka, na wazee wa baraza wakacheka pia. Mmoja wao tu aliinama, anachora chini kwa fimbo. Mbuzi wake mpya, wa kutoka zizi la mwenye duka, tulikuwa tumemwona. Lakini hakuna aliyetaka shauri liondoke, likasikilizwa. Majirani wa mbugani walisema walimwona mjane akichimba matuta na mumewe, mwaka hata mwaka, na shemeji hawakumwona hata siku moja. Mume wangu akaamua jaruba ni la mjane. Mwenye duka akakata rufani, huko nako akashindwa.

Ningefurahi mambo yangeishia hapo. Haukupita muda tukaambiwa tunahamishiwa Usoke. Hakuna aliyesema ni adhabu. Tulisikia tu kwamba wazee wa baraza walilalamika hakimu amewaaibisha mbele ya watu wao. Mume wangu alitumia siku zilizobaki kuiezeka nyumba ya mama kwa mikono yake. Kazi hiyo hakuijua. Iliendelea kuvuja, na mama akahamia kwa binti yake badala ya kufuatana nasi.

Stesheni, tukisubiri treni, tulimwona yule mjane anakuja na kikapu cha mchele kichwani. Akapiga goti mbele yetu.

"Bwana hakimu, huu ni wa kwangu mwenyewe, wa jaruba langu. Watoto wale njiani."

"Asante sana, mama," mume wangu akasema. "Lakini siwezi kuupokea."

"Kesi si imekwisha? Nyinyi si mnaondoka?"

"Imekwisha. Hata hivyo siwezi."

Mjane akamtazama, kisha akanitazama mimi, akidhani labda mwanamke mwenzake atamwelewa. "Kwa hiyo hata shukrani yangu ni rushwa?"

Alinyanyuka akajitwisha kikapu chake, akaondoka anafuta macho kwa upande wa khanga. Wakati wote wa nyasi sikumkasirikia mume wangu kama nilivyomkasirikia pale. Tukaingia ndani ya behewa. Watoto walisema wana njaa, nikawapa viazi vya kuchemsha. Baba yao sikumsemesha mpaka Tabora.

Tabora treni ilisimama kitambo kirefu. Alishuka, nikamwona akipenya katikati ya watu, bega moja limeshuka kama kawaida yake. Akarudi na chai kwenye kikombe cha bati, akanipa mimi kwanza.

"Umechoka," akasema.

"Nimechoka."

"Hata mimi."

 Nilikunywa nusu, nikamwachia nusu. Kengele ikalia, muuza chai akaja dirishani kudai kikombe chake, na treni ikaondoka kuelekea Usoke.