Kifungua Kinywa cha Breki

Wanafunzi wake walimwita Breki, maana hilo ndilo neno lililomtoka mdomoni mara nyingi kuliko hata salamu. Alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa makamo, mrefu kupita kiasi cha gari lile dogo la mafunzo, hivyo alikaa magoti yakikaribia kidevu. Upande wake gari lilikuwa na breki ya pili, na mguu wake haukubanduka hapo tangu ujanani. Mkewe, fundi cherehani, alizoea kumcheka kwa jinsi alivyokanyaga shuka usingizini.

Tena alikuwa mlaji, asikudanganye mtu. Asubuhi alishindilia mkate kwa mayai, akashushia maziwa, akamalizia na kipande cha embe, ndipo akatoka akijilamba. Tumbo lilikuwa rafiki yake. Kisha siku moja, bila ugomvi wala sababu, likamgeuka.

Lilianza kwa kujaa gesi, mkanda ukambana kabla jua halijapanda. Ikafuata misokoto, na baada ya misokoto, mbio za kutafuta choo. Alidhani ni minyoo, akameza dawa. Akadhani ni vidonda vya tumbo, akameza nyingine. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini chake kilikuwa ndani zaidi ya nguo.

Hospitali walimnywesha maji matamu, wakamketisha nusu siku akipuliza kwenye kifaa cha kupima pumzi kama mtoto mwenye puto. Daktari, binti wa umri wa mwanawe, alimpa majibu kwa upole.

"Mzee wangu, tumbo lako halipokei sukari ya matunda. Sisi tunaiita fruktosi. Imo kwenye matunda, kwenye asali, kwenye vitu vingi vya dukani. Maziwa nayo haliyawezi. Ngano, vitunguu, mayai, navyo itabidi uviache kwanza."

"Na dawa yake?"

"Ya kuponya hakuna. Ni kuepuka tu."

"Sawa, mwanangu. Sasa asubuhi nile nini?"

"Tutajaribu kimoja kimoja," alisema daktari. "Kila mtu na tumbo lake."

Basi wakajaribu. Mchana na jioni havikuwa na shida kubwa, wali na samaki au nyama vilimtosha. Asubuhi ndiyo iliyowashinda, kwa sababu tumbo tupu lilikuwa jepesi la hasira. Viazi vitamu vilimjaza gesi, mkanda ukambana upya. Nyama asubuhi ilimkaa kifuani mpaka adhuhuri. Siku moja mkewe alirudi na mkate usio wa ngano, kautafuta mji mzima, anatabasamu kama aliyeokota lulu. Breki alikula vipande viwili machozi yakimlengalenga kwa utamu. Saa mbili baadaye alikuwa chooni. Mkewe alichukua mfuko, akausogeza dirishani, akasoma yale maandishi madogo kama mchwa. Mkate ulikuwa umetiwa maji ya tufaha.

"Nani anatia tufaha kwenye mkate?" aliuliza.

Uliobaki ni uji wa mchele, maji na chumvi, basi. Aliuita uji wa mfungwa. Siku nyingine hata huo ulimshinda, akatoka na njaa. Na mwalimu wa udereva mwenye njaa ni balaa. Mikono ilimtetemeka, akawafokea wanafunzi, mara moja akakanyaga breki pale asipotakiwa, na gari la nyuma likawapigia honi mpaka akaona haya. Akila, mbio. Asipokula, tetemeko. Hakuona pa kushika.

Hali ikiwa hivyo, dada yake mkubwa akaja kuwatembelea. Alipomwona mdogo wake mashavu yamebonyea, alishika kichwa.

"Ndiyo nini hii? Mbona umebaki mifupa? Hivi wifi yangu hakulishi?"

"Ananilisha, dada. Ni tumbo."

"Tumbo gani linalokataa chakula? Tumbo ni mazoea."

Walimweleza. Alisikiliza akitikisa kichwa, na kesho yake aliamka kabla ya wote akapika yeye. Alipouonja ule uji alikunja uso. Mgonjwa haulizwi uji, alijisemea, akachota asali aliyokuja nayo kama zawadi, akakoroga vizuri isionekane. Breki alihisi utamu kidogo, akadhani ni mchele mpya. Alimaliza bakuli lote. Dada yake alimtazama akifurahi.

Mwanafunzi wa asubuhi ile alikuwa mkunga mstaafu, mama mzito wa maneno machache, aliyeamua kujifunza gari baada ya mumewe kufariki. Mtihani wake ulikuwa umekaribia, kwa hiyo Breki alimpeleka kwenye barabara kuu. Walikuwa katikati ya msongamano, malori mbele, malori nyuma, msokoto wa kwanza ulipompata.

"Mama, kata kushoto."

"Hapo kuna bango la kukataza, mwalimu. Si wewe uliyenifundisha?"

"Basi nyoosha. Nyoosha, lakini haraka."

Yule mama alimtupia jicho. Aliona jasho, akasikia zile pumzi fupi alizozisikia maisha yake yote ya kazi.

"Tumbo?"

Breki aliitikia kwa kichwa.

"Pumua polepole, mwanangu. Usisukume."

Siku nyingine angecheka. Kituo cha mafuta kilionekana mbele, wakaingia, akatoka ameinama. Choo kilikuwa kimefungwa. Ufunguo alikuwa nao mhudumu, na mhudumu alikuwa akijaza lori, mgongo kawageuzia. Breki alimwita mara mbili. Mara ya tatu hakuita tena.

Mama mkunga alishuka. Alimfunga shali yake kiunoni, akatandika gazeti kwenye kiti cha nyuma, akamwambia aingie. Kisha akaendesha mwenyewe. Alipita mzunguko, akasimama kwenye taa, akapisha wavuka njia, hakukosea hata mahali pamoja. Breki alikaa nyuma, mbali na breki yake, akitazama kisogo cha mwanafunzi wake, na machozi yakimtiririka kimya.

"Nimezalisha mawaziri na wezi," alisema yule mama bila kugeuka. "Wote walichafua. Usijitie unyonge."

Lakini unyonge ulishaingia. Nyumbani, dada mtu alipojua kilichotokea, alikaa chini palepale sakafuni.

"Kijiko kimoja tu! Asali, jamani! Asali nayo inamdhuru mtu?" Akalia kuliko mgonjwa. Ikabidi Breki, baada ya kuoga, ndiye ambembeleze. Alitafuta hasira ndani yake ampe japo neno moja kali, hakuipata. Ungemkasirikia vipi mtu aliyekulisha kwa mapenzi?

Mwenye shule ya udereva alizipata habari, si kwa mkunga bali kwa harufu ya gari. Hakumfokea. Heri angemfokea.

"Kaka, nakuhurumia sana," alisema. "Lakini barabarani siwezi kukuacha tena. Pumzika darasani kwanza, ufundishe alama. Choo kipo hapo hapo mlangoni."

"Kwanza mpaka lini?"

"Mpaka utakapopona."

Breki alimtazama. Alitaka kumwambia alivyosema daktari, kwamba kupona hakumo katika hesabu, ila aliona uso wa yule bwana umejaa nia njema, akaitikia tu. Gari alipewa kijana mmoja mwepesi, na Breki akapewa fimbo ya kuonyeshea michoro ukutani. Mkunga alifaulu mtihani wake. Alipokuja kushukuru alitaka kuleta keki, akajizuia njiani, akabaki anazunguka sokoni asijue amletee nini mtu wa namna ile. Mwishowe alikuja mikono mitupu, akaomba radhi.

Asubuhi zikaendelea kuja, maana asubuhi hazina adabu ya kumngoja mtu. Mkewe husimama mbele ya jiko, kitambaa begani, haliwashi.

"Leo nikupikie nini?"

"Chochote tu, mke wangu."

"Chochote ndicho usichoweza kula."

Hucheka wote wawili, kisha kicheko hukatika. Mkewe hufungua kabati, akatazama pakiti moja baada ya nyingine, akalifunga. Halafu hupima mchele, akainjika maji. Breki hukaa mezani, viganja juu ya tumbo, akisikilizia kama mtu anayelala na mgeni asiyemjua.

"Limeamkaje?" huuliza mkewe.

"Sijui," hujibu. "Bado halijasema."