Kizibo cha Ugoro wa Babu

Kutoka Malindi mpaka Kilifi hakuna anayeisoma shaba kama mimi. Shule niliacha darasa la nne, nikaanza kuokota vyuma na gunia begani. Leo nina yadi mbili na lori langu. Nipe ganda la risasi ya bastola, hata liwe la zamani vipi, nitazame kitako chake nikwambie lilikotoka. La jeshi limegongwa herufi za kiwanda na tarakimu mbili za mwaka. La dukani halina mwaka. Lina jina la mtengenezaji na ukubwa, basi.

Ila ganda la kwanza kabisa nililisoma vibaya.

Lilikuwa kizibo cha kibuyu cha ugoro cha babu yangu, kule Marafa. Utotoni nikisikia tok, kizibo kimechomolewa, nilijua babu atanusa, atapiga chafya, kisha atasimulia vita vikuu vya pili kule Bama, alikolitoa ganda lile. Harufu ya ugoro ule ningali nayo puani.

Alipofariki, matangani, ukazuka ubishi kama kweli alikuwa askari, maana hakuacha karatasi wala nishani. Shangazi, bintiye, akanipa kizibo mbele ya watu.

"Haya, wewe fundi wa vyuma. Wasomee."

Biashara nilikuwa nayo mwaka mmoja tu, na mdomo wa miaka kumi. Nikakifuta kwa kidole gumba. Herufi niliziona, mwaka sikuuona.

"Hii ya dukani," nikasema. "Ya bastola ya mzungu wa shamba."

Baba mdogo akacheka. "Kumbe Bama ilikuwa shamba la mkonge."

Matanga yote yakacheka. Shangazi akachukua kizibo chake, na tangu siku ile sikumsikia tena akisimulia habari za babake.

Mwaka huu mteja kaniletea ganda kama lile. Nikalisugua kwa ukwaju, nikapaka unga wa muhogo, nikapuliza. Pale nilipodhani ni patupu zikabaki tarakimu mbili nyeupe. Nikakumbuka vidole vya babu, na ugoro ulioganda kwenye kitako cha kizibo chake miaka yote ile. Nikawasha gari.

"Shikamoo, shangazi. Naomba kile kizibo."

"Marahaba. Umekosa vyuma huko mjini?"

Nilimwita na baba mdogo, sasa hana meno, nikakisugua mbele yao. Herufi za kiwanda cha India kilicholisha risasi jeshi lililopigana Bama. Mwaka, wa vita.

"Nilikosea," nikasema. Neno hilo silisemi mara nyingi.

Baba mdogo akainama. "Basi tulimcheka askari."

Shangazi alirudisha kizibo kwenye kibuyu cha babu, akakichomoa tena, tok, akanusa, akapiga chafya.

"Walipofika Bama," akaanza, "mvua ilikuwa haikatiki."