Soko Juu ya Mkeka

Kitabu cha Kiingereza tulichopewa kufundishia kilikuwa na theluji. Kilikuwa na matofaa, na watu wanaota moto sebuleni, na mama mmoja aliyevaa glavu akienda kumwamkia jirani. Haya, mfundishie hayo mtoto wa Kariakoo aliyekuja shule jasho linamchuruzika! Nilikuwa mwalimu msichana, mgeni kazini, enzi hizo za miaka ya hamsini. Watoto wangu wa darasa la sita waliziimba sentensi za theluji kwa sauti moja mpaka bati likarindima. Ukimtoa mmoja ukamuuliza kwa Kiingereza anakaa wapi, bubu.

Dawa niliipata dukani. Mtaani kwetu palikuwa na Mhindi muuza masufuria. Wazee walisema alipofika mjini hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Wala hakuna aliyemkalisha chini akamsahihisha. Akina mama walibishana naye tu, kutwa kucha, wakamcheka, naye akawacheka, na sasa alikuwa akitutania mpaka tunakosa la kumjibu. Siku moja nimesimama pale nasubiri zamu yangu, nikajiambia: ala! Kumbe lugha huingia kwa kubishana.

Nikabeba mkeka wangu wa nyumbani, nikautandika mbele ya darasa. Juu yake nikapanga nazi, ndizi, pilipili na vipande vya papa mkavu. Wauzaji upande huu, wanunuzi upande ule. Ukishakanyaga mkeka, Kiswahili umekiacha mlangoni. Bei ya kwanza marufuku kuikubali. Mimi nakaa pembeni juu ya kasha, kimya. Anayekosea namwacha akosee, tutayarudia makosa soko likishafungwa. Hilo la kunyamaza ndilo lililonitesa kuliko yote, maana mdomo wa mwalimu unawasha.

Mwanzo waliona haya, wakachekana. Halafu wakasahau kama ni somo. Alikuwapo binti mmoja, mama yake mkaanga samaki, ulimi wake pilipili tupu. Mnunuzi mmoja alipomtajia bei ya dharau, alimjibu kwa Kiingereza kwamba kwa bei hiyo akalambe picha ya tofaa kitabuni. Nilicheka mpaka nikashuka kwenye kasha. Sentensi ile hakufundishwa na mtu, wallahi.

Mwalimu mkuu hakupendezwa. Alikuja dirishani, nikampa shikamoo yake, akaitikia huku anatazama papa. "Mwanangu," akasema, "ya sokoni yaache sokoni. Shule inanuka." Kwake Kiingereza kilikuwa ni kuimba, kama alivyoimba yeye alipokuwa mwanafunzi.

Basi ikatangazwa nafasi ya kwenda chuoni bara, kusomea ufundishaji wa Kiingereza. Nafasi yenyewe moja tu, nayo angeitoa mkaguzi baada ya kutazama kila mwalimu akifundisha. Mwenye cheti cha chuo kile aliachiwa kufundisha atakavyo. Asiye nacho hufundisha atakavyo mwalimu mkuu. Niliitaka nafasi ile, jamani, niliitaka mpaka chakula hakipiti. Nilimwona mwalimu mkuu na theluji yake wakinisubiri mpaka nizeeke.

Mkaguzi akaja. Mzungu mtu mzima, mvi kichwa kizima, kofia mkononi. Watoto wakasimama, wakamwamkia, nikafungua soko. Mcheza kwao hutunzwa, nilijisemea. Na kweli walianza vizuri; mzee wa watu akawa anatabasamu. Laiti angebaki kwenye kiti chake!

Akanyanyuka. Akapiga goti kwenye mkeka, mbele ya yule binti wa samaki, akamuuliza nazi inauzwaje.

Binti akasimama. Akainamisha macho, akaishika nazi kwa mikono miwili, akamwambia kwa Kiingereza kilichonyooka: "Chukua tu, bwana. Wewe ni mgeni wetu. Mgeni hauziwi."

Mkaguzi akacheka, akasema hapana, yeye ni mnunuzi, lazima amtajie bei. Binti akasema hapana, bwana, mama yake atamgombeza. Mkaguzi akashikilia kulipa. Binti akashikilia kutouza: mzee ametoka mbali, na jua lote hili. Wenzake nao wasimwache peke yake katika adabu. Mmoja akaleta ndizi, mwingine papa, wakamjazia kofia. Mwalimu mkuu mlangoni meno yote nje. Mimi juu ya kasha lile moyo ulikuwa unashuka, unashuka, na kanuni ni yangu mwenyewe: mwalimu hasemi soko likiwa wazi. Niliwafundisha kila kitu cha soko. Kwamba mgeni mwenye mvi anaweza kupiga goti akataka kubishana na mtoto, hilo nani angeliwaza?

Baadaye mkaguzi aliniita ofisini kwa mwalimu mkuu. Alikuwa anapangusa harufu ya papa mikononi, na alisema kwa upole, ndiyo maana siwezi hata kumchukia. Watoto wana adabu sana, alisema, lakini mchezo umewazidi kimo. Walipojaribiwa na mtu wasiyemzoea hawakuweza kuuza hata nazi. Niwarudishe kwenye kuimba sentensi mpaka zikolee. Nafasi ya chuo ataichukua mwingine. Mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa. Nilijua mkeka wangu nitaukunja leo na sitautandika tena.

"Una lolote la kusema?" akaniuliza mkaguzi.

Nilikuwa nalo! Lilinijaa mpaka kooni, kwa Kiingereza, limepangika. Kwamba yule mtoto amebishana naye tangu mwanzo mpaka mwisho, amemkatalia, amemtolea sababu, na aliyeshindwa ni yeye mkaguzi, ushahidi ni ile kofia iliyojaa ndizi. Anataka kubishana gani zaidi ya huko? Ni mimi tu wa kulisema, maana mle ofisini hamkuwa na mwingine wa kuwatetea.

Lakini alikuwa mtu mzima, mgeni, na mvi zile. Nikajikuta nimeinamisha macho, mikono nimeikutanisha mbele, natazama viatu vyake.

"Hapana, bwana," nikasema. "Nashukuru sana, bwana."

Akaniambia Kiingereza changu ni kizuri mno.