Sikio la Kulia la Mama Kinu

Saa moja na nusu asubuhi, mkanda wa mashine ya kusaga unaanza kuzunguka. Mama Kinu anapachika spika mbili ndogo masikioni, anazifunika kwa vikinga sauti vikubwa vya rangi ya chungwa, kisha anamimina debe la kwanza la mahindi kwenye mdomo wa mashine. Halafu anainua kidole kimoja juu. Wateja waliopanga foleni wanaijua ishara hiyo: asisemeshwe, albamu imeanza.

Masikioni mwake kuna vijana wanne wanaocharaza magitaa na kufoka kana kwamba wamefungiwa ndani ya nyumba inayoungua. Nje kuna mota inayotikisa mabati ya paa. Mwenyewe ametulia kabisa, mkono mmoja umeshika gunia, mwingine unapigapiga paja kufuata ngoma.

"Usimshangae," mwalimu mstaafu aliye mbele ya foleni anamwambia mwandishi. "Siku atakayosikiliza nyimbo za kubembeleza ndipo sisi tutaingiwa na wasiwasi."

Leo ni Jumanne. Jumamosi saa sita mchana Mama Kinu anatakiwa kutoa Orodha, ile anayoitoa kila Jumamosi ya mwisho ya mwaka: albamu ishirini bora za hevi metali na hadkoo, kuanzia ya ishirini kushuka hadi ya kwanza. Mwaka huu amesikiliza albamu arobaini na tatu. Kumi na saba kati ya hizo analazimika kuzirudia zote, kwa sababu alizihukumu akiwa amesikia nusu tu.

"Nimewadhulumu watu," anasema baada ya kuzima mota, akijipangusa unga kwenye nyusi. "Sikukusudia, lakini nimewadhulumu. Sasa nalipa kwa masikio."

Mama huyu wa miaka hamsini na moja ana miaka ishirini na miwili kwenye kinu hiki, siku sita kwa wiki, saa tisa kwa siku. Jina alibandikwa na wateja, na siku hizi hata mumewe, ambaye ni fundi cherehani, hamwiti vingine.

Muziki ulimfuata kazini. Katika miaka ya mwanzo kinu kilikuwa na redio ya kanda, na kanda zote zilikuwa za mapenzi.

"Mota ikiwaka husikii hata neno. Unaona redio inatetemeka tu, masikini, inajitahidi," anakumbuka. "Siku moja dereva wa lori akasahau kanda yake juu ya mizani. Nikaiweka. Mwanangu, ule muziki ulipita katikati ya mota kama mota haipo. Nikasema haya, huyu ndiye mwenzangu."

Dereva aliporudi wiki iliyofuata, alikuta kanda yake imeshasikilizwa mpaka utepe umelegea. Aliambiwa alete nyingine, naye akaleta.

Orodha ilianza miaka kumi iliyopita, kwa chaki, nyuma ya mlango wa bati wa kinu. Mteja mmoja aliipiga picha akaitupia kwenye kundi la simu la wapenzi wa muziki huo. Leo kundi hilo lina watu zaidi ya elfu mbili, wengi wao hawajawahi kumwona Mama Kinu kwa macho. Wapo wapiga gitaa watu wazima, wenye watoto, ambao siku ya Orodha chakula hakiwashuki mpaka wajue wameangukia wapi.

Wanamwamini kwa sababu ya utaratibu wake. Kila albamu huisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza mashine ikiwa inasaga, maana asemavyo yeye, kitu kisichoweza kupita kwenye mota hakina haki ya kuitwa hevi metali. Mara ya pili ni wakati wa kufagia. Mara ya tatu hukaa juu ya gunia tupu, mikono mapajani, hafanyi lolote.

Baada ya hapo inakuja mieleka. Albamu mpya huandikwa chini kabisa ya mlango, halafu inamkabili aliye juu yake, wimbo wa tatu kwa wimbo wa tatu. Ikishinda inapanda, ikishindwa inabaki hapo hapo.

"Kwa nini wa tatu?" anarudia swali kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Wimbo wa kwanza ni nguo ya kutokea. Wa pili bado wana adabu za ugenini. Wa tatu ndio unawakuta nyumbani kwao, hawajajiandaa."

Alama hatoi. Alama, anasema, ni za shule.

Kwa asiyejua, hadkoo ni ndugu mdogo wa hevi metali: nyimbo fupi, hasira za papo kwa papo, na haina subira ya kujipamba. Mama Kinu anazipanga zote kwenye mlango mmoja. Aliwahi kushauriwa atenganishe, akajibu kwamba ndugu wakigombana ndani ya nyumba hawajengewi nyumba mbili.

Kosa la mwaka huu lilijitokeza wiki mbili zilizopita. Bendi iitwayo Kutu ilikuwa imetoa albamu, *Ngazi ya Chuma*, na Mama Kinu akaipachika nafasi ya thelathini na moja. Kwenye kundi aliandika hukumu fupi: "Bendi inajisifu ina magitaa mawili. La pili liko wapi? Atakayeliokota alirudishe kwa wenyewe."

Kundi lilicheka siku mbili nzima. Siku ya tatu ukaingia ujumbe kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ya mchana ni fundi bomba.

"Shikamoo Mama. Gitaa la pili ni mimi. Nipo upande wa kulia, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Nakuomba unitazame tena."

Mama Kinu aliusoma akiwa amesimama, akaurudia akiwa amekaa. Alielewa mara moja. Katika muziki huu, bendi yenye wapiga gitaa wawili huwatenganisha inaporekodi: mmoja anasikika sikio la kushoto, mwenzake la kulia. Anayesikia upande mmoja tu anamkosa mtu mzima.

Na yeye, tangu mwezi wa nane, upande wa kulia alikuwa hasikii kitu.

"Hilo ndilo sikio linalotazama mota," anasema, akiligusa. "Miaka kumi na mitatu ya mwanzo sikuwa na vikinga, naweka pamba tu. Nilipoona muziki umekata upande huo nikajiambia basi, limekwenda. Nimalize mwaka na hili moja, halafu tutaona."

Hakumwambia mtu. Nyumbani alikuwa anageuza kichwa akisemeshwa, lakini kugeuza kichwa alikuwa ameshaanza miaka minne nyuma, kwa hiyo hakuna aliyeona tofauti. Alichoogopa anakitaja bila kuzunguka: "Wakijua hakimu wa muziki ni kiziwi, nani atasoma Orodha? Hiyo Orodha ndiyo kitu pekee nilichokitengeneza ambacho hakiliwi kikaisha."

Jioni ile alipiga moyo konde akamweleza mumewe. Fundi cherehani alisikiliza mpaka mwisho. Akanyoosha mkono akaomba zile spika, akazipachika masikioni mwake, akabonyeza wimbo. Muziki wenyewe haupendi, na watu wa nyumba hiyo wanajua kwamba hilo lilikuwa tendo la mapenzi.

Baada ya dakika moja akamtazama mkewe. "Mama Kinu," akauliza, "na mimi nimekuwa kiziwi?"

Akazigeuza, ya kulia akaiweka kushoto. Kimya kikahamia upande wa pili. Waya ulikuwa umekatika ndani, karibu na pini, pale unapokunjwa kila siku kuingia mfuko wa aproni.

"Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi," anasema Mama Kinu. "Halafu nikalia kweli. Miezi minne nimelilia sikio langu kimyakimya, nikiwa nasaga, kumbe waya."

Mumewe bado hajamalizana na habari hiyo. "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," anasema, mdomo umebana pini tatu. "Huyu wangu alificha maradhi ambayo hata hakuwa nayo."

Spika mpya ziligharimu ujira wa siku mbili. Kazi ngumu ilikuwa kujua waya ulikatika lini, ili ijulikane ni albamu zipi zilizoonewa. Jibu alilitoa fundi cherehani, aliyeomba daftari ambamo mkewe huandika maoni ya kila albamu, akalipitia kama anayetafuta mshono ulioachia. Kabla ya wiki ya tatu ya mwezi wa nane, maoni ni ya kila aina: nzito, ina haraka, inachosha, mwimbaji ana mafua. Kuanzia wiki hiyo, albamu baada ya albamu, neno ni moja: *imekonda*.

"Nikamwambia, wanamuziki wote hawawezi kukonda wiki moja," anasema.

Zilikuwa kumi na saba. Wakati huo zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili, na kila albamu inadai mara zake tatu.

Daktari wa masikio naye alikuwa na lake. Sikio la kulia ni zima, alisema, lakini zima la kukopa: limeshapoteza karibu theluthi ya nguvu zake, na kilichopotea hakirudi. Mama Kinu alikipokea kipimo hicho kwa utulivu uliomshangaza hata daktari. Kwa mtu aliyekuwa ameshalizika sikio zima, theluthi mbili ni utajiri.

Mumewe alishauri jambo moja: afute mlango kimyakimya, apange upya, atoe Orodha kama kawaida. Nani angejua? Mama Kinu alikataa. Siku hiyo hiyo aliliandikia kundi kila kitu, waya, sikio na ile theluthi, na chini yake akaorodhesha majina ya bendi kumi na saba alizozihukumu kwa nusu.

Majibu hayakuwa ya huruma yote. "Sikio la kufa halisikii dawa," mmoja aliandika. Mwingine alipendekeza mwaka huu Orodha ipumzishwe, na mama apumzike nayo. Wapo waliomtetea kwa maneno makali kuliko muziki wenyewe. Yeye alijibu mstari mmoja tu: "Jumamosi, saa sita."

Jumamosi imefika. Kinu kinafungwa saa nne, na nyuma ya mlango kuna vumbi la chaki hadi sakafuni. Mama Kinu yuko juu ya gunia, macho amefumba. *Ngazi ya Chuma* inacheza kwa mara ya tatu. Katikati ya wimbo anageuza uso taratibu kuelekea kulia, kama mtu aliyeitwa na jirani, na anatabasamu.

"Alikuwepo," anasema baadaye. "Kijana alikuwepo muda wote. Na anapiga vizuri kuliko mwenzake wa kushoto, ila usiliandike hilo." Mwandishi aliomba ruhusa ya kuliandika, akapewa baada ya mabishano.

Mieleka inaanza. Kutu inatoka thelathini na moja, inapita ishirini, inapita kumi. Saa tano iko ya nne, na aliye juu yake hatikisiki. Mama Kinu anarudia wimbo wa tatu wa kila upande mara mbili, anarudi kusikiliza albamu nzima, anasimama na chaki mkononi.

Mumewe, aliyekuja na chai, anaangalia mlango. "Mpe basi hata ya kwanza," anasema. "Si umemkosea?"

"Nilimkosea kwa kutosikia," anajibu bila kugeuka. "Sasa nimemsikia. Nikimpa asichostahili nitakuwa namkosea mara ya pili, na safari hii kwa makusudi."

Kutu inabaki ya nne. Ya kwanza ni albamu ya hadkoo ya dakika kumi na tisa, *Zamu ya Asubuhi*, ya wauguzi watatu wanawake. Hii ilikuwa ya tisa wakati waya umekatika.

Saa sita kamili picha ya mlango inaingia kwenye kundi, pamoja na maoni mafupi kuhusu kila albamu. Kisha Mama Kinu anaiweka simu kifudifudi juu ya mizani na kuanza kufagia sehemu ambayo tayari ni safi. Anafagia dakika kumi. Anayeigeuza simu ni mumewe, na anayesoma kwa sauti ni yeye huyo huyo.

Kuna mamia ya ujumbe, lakini anautafuta mmoja, wa fundi bomba.

"Mama, ya nne nimeipokea kwa mikono miwili. Umeandika kwamba wimbo wa sita gitaa la kulia linachelewa kidogo kuingia. Ni kweli. Nilichelewa. Bendi nzima hawakusikia, mhandisi wa studio hakusikia. Wewe umesikia."

Mama Kinu anaomba asomewe tena. Anasomewa. Anageuka kutazama ukutani, na fundi cherehani anajishughulisha na kumimina chai ambayo haijaombwa.

Hii ilikuwa Orodha ya kumi na moja. Anataka kufikisha ishirini, kisha amkabidhi mwingine chaki. Daktari hakumwahidi kwamba sikio la kulia litafika huko, na mwandishi anamuuliza atafanyaje likigoma njiani.

Ameshalifikiria. Anazitoa spika mpya mfukoni, sasa zinakaa ndani ya kopo la dawa ili waya usikunjwe, na anaonyesha kwa vitendo, akitumia sikio la kushoto peke yake.

"Nitaanza na hii ya kushoto, nisikilize albamu yote. Ikiisha, naitoa, naweka ya kulia sikio hilihili, naanza tena mwanzo. Badala ya mara tatu zitakuwa sita." Anapiga hesabu kichwani, hesabu inamridhisha. "Itakuwa kazi mara mbili, sawa. Lakini hakuna mtoto wa mtu atakayebaki nje."