Kahawa Niliyompikia Mjomba

Siku niliyompikia mjomba Athmani kahawa kwa maji ya kisima chetu ndiyo siku subira yangu ilipokatika, mwanangu, na nataka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa watu. Mji wa Kale ni vichochoro tu. Ukikohoa nyumba hii, nyumba ya pili wanakuuliza umekunywa dawa gani. Kwa hiyo habari hii utaipata, na utaipata imepinda. Watakwambia mamako alimtilia mjomba wake chumvi kwenye kahawa mbele ya wageni. Sikutia chumvi. Chumvi ilikuwamo.

Ilikuwa asubuhi, katikati ya kaskazi, joto limeshaanza kupanda ukutani. Mjomba amekaa barazani na yule bwana mwenye nyumba ya wageni iliyopakana na yetu. Mimi niko nyuma ya mlango, wewe mgongoni kwenye leso, nimetoka kitaluni na fungu zima la mchicha uliokauka ncha kana kwamba umepitishwa motoni. Nikamsikia yule bwana akiuliza kwa nini uwanja wetu wa nyuma usijengwe vyumba. Mjomba akacheka.

"Pale pana kijibustani cha mtoto wa dada," akasema. "Muache ajichezee. Ana mtoto mchanga, apate cha kumshughulisha."

Kisha, kwa sauti ileile tamu, akaniita nimletee mgeni kahawa.

Kwetu kahawa tulikuwa tukiipika kwa maji ya kununua, yale yanayoletwa kwa mkokoteni, kwa kuwa ya kisima yalikuwa hayanyweki tena. Siku hiyo niliupita mtungi. Nikaenda kisimani, nikachota, nikachemsha, nikatia kahawa na tangawizi kama kawaida, nikaimimina kwenye dele, lile birika letu la kahawa. Kwenye sinia nikaweka na haluwa, nisije nikaambiwa sina adabu. Yule bwana alipiga funda moja, akalimeza kwa heshima, macho yakamtoka. Mjomba hakuweza. Alitema, kahawa ikamchirizika kwenye kanzu yake nyeupe.

"Umetia nini humu?"

"Sikutia kitu, mjomba. Ni maji ya kisima chetu, ya pampu yako."

Najua nasaha huandikwa na wazee. Mimi sina hata unywele mmoja mweupe, na elimu yangu imekomea kidato cha nne. Lakini mzee aliyepaswa kukupa nasaha hizi yuko barazani anauza maji, kwa hiyo itabidi unisikilize mimi.

Nyumba hii, na kitalu chake, na kisima chake, ni wakfu. Yaani nyanyake bibi yangu aliitoa kwa ajili ya Mungu: wanawe na wajukuu wake wakae, wake kwa waume, na asiwepo wa kuiuza. Maji ya kisima akayawekea masharti yake, na kila mtoto aliyezaliwa humu anayajua kama anavyojua jina lake. Ni ya kunywa, ya kutawadhia na ya kumwagilia kitalu. Jirani akikwama hupewa bure. Hauziwi mtu. Mjomba Athmani, ndugu wa mamangu, ndiye msimamizi. Msimamizi si mwenye mali, lakini watu wakikaa sana kwenye kiti husahau nani alikitengeneza.

Bibi Zuhura, uliyepewa jina lake, ndiye aliyenifundisha kuchota. Sikia vizuri, maana hili huwezi kulisoma shuleni. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na bahari hupita chini kwa chini. Maji matamu ya mvua yanaelea juu ya yale ya chumvi kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Bahari ikijaa, kisima nacho huinuka, na hapo ndipo unapochota. Ndoo uilaze ubavu inywe ya juu tu, polepole, usiitumbukize. Bahari ikipwa, weka mfuniko uondoke. Bibi akinisimamia pale kisimani na leso yake kiunoni, na nikiharakisha aliniambia kisima kinasikia pupa.

Na mjomba anayajua haya. Hilo ndilo linalonichoma. Laiti angekuwa hajui, ningemhurumia. Alipokuwa kijana alileta fundi wa kukichimba kisima kiende chini zaidi. Bibi hakupiga kelele. Alitandika mkeka juu ya mfuniko, akakaa, akaanza kupepeta mchele, na hakuondoka mpaka fundi alipokunja kamba zake. Nilikuwa mdogo, nimekaa kando yake, na maneno aliyomwambia mwanawe ninayo mpaka leo.

"Athmani," alisema, "ukitaka bahari, iko pale chini ya ngazi. Usiniletee nyumbani."

Basi. Mjomba aliinamisha kichwa akaenda zake. Alingoja mamake afe, na mamangu afe, Mungu awarehemu wote wawili, halafu akangoja tena mpaka nikawa siwezi kutoka.

Maana pampu ililetwa nikiwa katika arobaini yako, mwanangu. Unajua kwetu mzazi hukaa ndani, anakandwa, anafukizwa udi, analishwa, wala hakanyagi uwani mpaka arobaini yake iishe. Niko kitandani nimefungwa tumbo, wewe kifuani, nikasikia mngurumo nyuma ya nyumba. Nikamuuliza mkandaji, akasema ni mashine ya jirani, nisijisumbue, maziwa yatakauka. Nikamwita mjomba, akaniambia nje ya pazia kwamba jirani amekwama kwa maji, ni siku chache, mzazi hasumbuliwi. Nikanyamaza kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa. Desturi iliyowekwa ili mama na mtoto wapumzike ndiyo aliyoitumia kama komeo la mlango.

Nilipotoka, nikaogeshwa, nikavaa leso mpya, hatua zangu za kwanza zilikuwa kisimani. Mfuniko ulikuwa umekatwa tundu. Bomba nene limeshuka mpaka chini kabisa, na upande wa pili limepanda ukuta wa jirani hadi juu ya dari, kwenye matangi yake na kidimbwi wanamoogelea wageni. Lilikuwa likivuta bahari ikiwa imejaa, likivuta ikiwa imepwa. Nilichota kidogo kwa kiganja nikaonja. Nikalia, sikufichi.

Sasa niambie, huo ndio mchezo? Hebu nikueleze kijibustani ninachochezea, ili siku moja ukishike usiambiwe na mtu kwamba ni kidogo. Kaskazi likiwaka unatandaza makuti juu ya miche, unamwagilia alfajiri na magharibi tu, na kotmiri unaisogeza chini ya mdimu ipate kivuli. Mvua za mwaka, yaani masika, zikija unainua matuta, kwa sababu mchicha ukilala majini unaoza mizizi, na tambuu unaifunga upya ukutani kabla upepo haujaing'oa. Kusi likituliza joto ndio wakati wa bilingani na bamia. Vuli ni palizi mpaka mgongo uitike. Samadi ya kuku usiitie mbichi, iache ipoe pembeni, isije ikaunguza. Mwezi wa Ramadhani watu wote wanataka pilipili, ndimu na kotmiri kwa wakati mmoja, kwa hiyo unapanda mapema, si mwezi ukishaandama. Na asumini unaichuma alasiri ikiwa bado imefumba, ili ifumbuke jioni kwenye nywele za bibi harusi, si kwenye kapu lako. Hakuna mwezi wa kulala. Kitalu hiki kimenisomesha mimi, na ndicho kilichotia mboga katika kila sufuria ya nyumba hii, ya mjomba ikiwemo.

Kikaanza kufa mbele ya macho yangu. Tambuu ilikuwa ya kwanza, ikanyauka majani. Asumini ikaangusha vitumba chini vikiwa vibichi. Mama Kadzo, rafiki yangu wa Majengo anayeuza mboga zangu mezani pake, alinirudishia kapu akicheka kwa huruma. "Mama Zuhura," akasema, "mchicha wako siku hizi una hasira. Wateja wanaogopa kuupika."

Nilizungumza, usije ukadhani niliruka tu kwenye kahawa. Nilimwendea mjomba nikamwamkia, nikakaa chini, nikamweleza kwa adabu zote. Akasema atalitazama. Nikamwendea tena, akasema mimi mtoto. Wakaitwa wazee wa ukoo, wakakaa sebuleni, na mimi nikaambiwa nikae na wanawake ndani, kwenye kikao kilichoitishwa kwa malalamiko yangu. Walitoka wameamua kwamba mambo ya nyumbani yabaki nyumbani na kwamba nivute subira. Wakala biriani, wakaondoka. Biriani hiyo ilitiwa kotmiri yangu, ile ya mwisho mwisho.

Babako naye, mpole yule, Mtaita aliyekuja hapa kufanya kazi bandarini, akawa anasema mzee ni mzee. Nampenda babako. Lakini kuna siku upole wake nilitamani kuuanika juani.

Ndio ikaja kahawa.

Nilidhani wakishaonja wataona haya. Hapo ndipo nilipojifunza jambo. Yule bwana jirani alijipangusa midomo, akaniangalia kama mtu anayemfahamisha mtoto mjinga. "Wageni wangu hawayanywi, bibi," akasema. "Wanaogelea tu."

Na mjomba akatikisa kichwa kukubali. Kisha akanigeukia mimi, si yeye, akasema nimemwaibisha mbele ya watu.

"Bibi alikukataza kuileta bahari nyumbani," nikamwambia. "Wewe umeileta, na unataka niipake sukari."

Akasema nikirudia tena nitatafuta pa kukaa. Aliniambia hivyo kwenye kizingiti cha nyumba ambayo si yake. Babako, aliyekuwa kachoka na zamu na alikuwa bado hajavua viatu, alitokea ndani akasimama nyuma yangu. Aliniambia mimi tu, "Nipe mtoto, wewe nenda."

Nikajifunga buibui, nikajaza chupa ya maji ya kisima, nikaenda ofisi inayosimamia mali za wakfu. Kijana wa mezani alinisikiliza kwa uungwana, halafu akauliza, dada, si mngeyamaliza nyumbani? Nikamwambia nyumbani ndiko yalikoanzia. Akauliza kama hakuna mwanamume wa kutia sahihi. Nikamuuliza kama masharti ya yule mama aliyetoa wakfu yalitiwa sahihi na mwanamume. Akanisogezea kiti na kalamu.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Heshimu wakubwa, waamkie, wapishe njia, wapikie. Lakini heshima ni yako ya kutoa, si kitambaa cha wao kukuzibia mdomo. Mtu akikuambia jambo ni la nyumbani, muulize nani anaumia humo nyumbani. Kitalu kitunze mwaka mzima, si msimu unaokupendeza. Chota juu, chota polepole, na kinachokaa chini kiache kikae. Na ukiwa mzazi, ukiwa ndani na arobaini yako, ukasikia mngurumo uwani, inuka. Jifunge leso utoke. Mimi sikutoka, na hilo litaniuma mpaka nizikwe.

Mungu akupe mkono wenye baraka, kila upandacho kishike. Akupe sauti isiyotetemeka, na maji matamu siku zote za uhai wako. Na ukifika umri wa kukaa barazani, akujaalie kukumbuka nani alikuchotea.

Haya hapa ndiyo niliyoyaandika pale mezani, kama nilivyoyaandika.

*Kwa Msimamizi wa Mali za Wakfu.*

*Mimi, Mwanaisha, mjukuu wa Bi Zuhura, mkaazi wa nyumba ya wakfu iliyoko Mji wa Kale, naleta malalamiko kwa niaba yangu na ya binti yangu Zuhura, ambaye bado ananyonya na ana haki katika nyumba hiyo sawa na mtu mzima yeyote.*

*Nalalamika kwamba msimamizi wa nyumba yetu, ambaye ni mjomba wangu, ameweka pampu katika kisima cha wakfu na anamuuzia maji jirani mwenye nyumba ya wageni, kinyume na masharti ya mtoaji. Pampu iliwekwa nikiwa katika arobaini, bila kuulizwa mimi wala mwenye haki mwingine yeyote. Kisima kimeingia chumvi. Kitalu kinakufa.*

*Naomba pampu ing'olewe na bomba liondolewe. Naomba kisima kifunikwe na kupumzishwa msimu mzima wa mvua, kisha kichotwe kwa ndoo tu kama kilivyokuwa kikichotwa. Naomba msimamizi huyo wa nyumba aulizwe mbele yangu, nami nikiwa nimekaa chumba kimoja naye.*

*Sikuja kumvunjia mjomba heshima. Nilimwendea nyumbani, nikawaendea wazee, sikupata jawabu.*

*Pamoja na barua hii naacha chupa ya maji ya kisima hicho. Najua ofisi itataka kuyapima. Kabla hamjayapeleka popote, naomba mchemshe kahawa, mnywe.*